Uliza Tukujibu: Almasi ya kupimia sumaku, asali ya Sikonge na "kipimo cha kwantamu" cha Ujiji

Toleo lililopita nilidokeza tu, mistari miwili mitatu, kwamba kuna maabara zinatumia vipande vya almasi kupima sumaku inayotoka kwenye tone la maji lisiloonekana kwa macho. Basi meseji zilizoingia sikutegemea. Tabora mmeuliza, Kigoma mmeuliza, mpaka mfanyabiashara wa asali wa Sikonge naye kaona kuna kitu chake humo. Yaliyofanana nimeyaunganisha, twende.

SWALI: Mwangaluka ndugu mwandishi. Wanafunzi wangu wamesoma ile habari wakaniuliza mbele ya darasa nikabaki naguna tu. Almasi haina chuma ndani yake, inapimaje sumaku? Na hizi za jirani zetu Mwadui haziwezi hiyo kazi mpaka zitengenezwe nyingine? *(Mwalimu wa fizikia, Ipuli, Tabora)*

JIBU: Mwangaluka mwalimu. Almasi safi kabisa haipimi kitu, kinachopima ni kasoro iliyomo ndani. Almasi ni kaboni tupu zimejipanga, sasa ng'oa kaboni mbili zinazopakana, nafasi moja weka naitrojeni, ya pili iache wazi hivohivo. Hapo umepata wanachokiita NV (nitrogen-vacancy, yaani naitrojeni na uwazi). Kwenye huo uwazi kuna elektroni ambazo spini yao kwa pamoja ni kisumaku kidogo chenye hali tatu, yaani sifuri, jumlisha moja na toa moja. Ukiipiga NV leza ya kijani (wengi wanatumia ya nanomita 532) inatoa mwanga mwekundu, na hapa ndo utamu wote ulipo: ikiwa kwenye sifuri wekundu unakuwa mkali, ikiwa kwenye zile mbili nyingine wekundu unafifia kidogo. Alafu leza hiyohiyo inairudisha kwenye sifuri, kwa hiyo kila kipimo unaanza upya bila shida, na yote hayo yanafanyika kwenye joto la kawaida la chumba, hakuna habari ya kupoza kitu kwa heliamu.

Kuitoa kwenye sifuri kuipeleka kwenye zile nyingine unahitaji maikrowevu, na pasipo sumaku masafa yake ni gigahezi 2.87. Ukileta sumaku masafa yanahama, gigahezi 28 kwa kila tesla (tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwa hiyo unapitisha masafa taratibu huku unaangalia wapi wekundu unafifia, ukishajua umefifia wapi umeshajua sumaku ina nguvu kiasi gani. Mwaka 1997 watafiti wa Chemnitz, Ujerumani, walionyesha kwamba NV moja peke yake inaonekana na spini yake inasomeka. 2008 makundi mawili, moja la Harvard na jingine la Stuttgart, yakaonyesha inaweza kuwa sensa ya sumaku kwelikweli, na 2013 zikatoka ripoti mbili za kupima viini vya hidrojeni kwenye ujazo wa nanomita chache tu kila upande. Darasa likikubana tena anzia hapo.

Kuhusu Mwadui, heshima yake ipo palepale. Mjiolojia Williamson aliikuta 1940, na lile jiwe la pinki la karati 54.5 la 1947 ndo alipewa Malkia Elizabeth akiwa bado binti mfalme. Ila kwa kazi hii almasi ya ardhini ina shida moja kubwa, naitrojeni yake imekaa mamilioni kwa mamilioni ya miaka kwenye joto mpaka imejikusanya makundi makundi, na kila jiwe lina historia yake. Mtu wa sensa anataka ajue ameweka naitrojeni kiasi gani na kwenye unene upi. Kwa hiyo wanaikuza kwa gesi, methani na hidrojeni zinachomwa na maikrowevu mpaka kaboni inatua tabaka juu ya tabaka, na tabaka la mwisho, la maikromita kadhaa tu, ndo linatiwa naitrojeni kwa kipimo.

Kipande chenyewe ukikikuta mezani unaweza kukifuta na kitambaa ukijua ni takataka. Kimraba cha milimita mbili kwa mbili, unene nusu milimita, rangi ya waridi kwa mbali sana. Leza inaingia kwa ubavuni, ukivaa miwani inayozuia kijani unaona mstari mwekundu umepita ndani ya jiwe, pembeni kuna kitanzi cha waya wa shaba cha kupitisha maikrowevu na juu, limegusa uso wa almasi, ndo tone linalopimwa.

SWALI: Shikamoo. Nipo kidato cha sita, PCM, hapahapa Tabora. Kama NV moja inaweza kupima, si waweke nyingi tu ili sensa iwe kali zaidi? Mbona nasikia miaka yote wanahangaika kuongeza usikivu wake? *(Mwanafunzi, Tabora mjini)*

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenifanya nipunguze nafasi ya wenzio, manake hapa ndo pana kazi yenyewe.

Wazo lako ni sahihi ila lina kodi. Ukiwa na NV 100 badala ya moja, kelele ya kipimo inapungua mara 10 tu, sio mara 100, ni kipeuo cha pili hicho. Sawa, tuweke mabilioni. Tatizo ni kwamba sio kila naitrojeni uliyoitia inageuka kuwa NV, nyingi zinabaki peke yao bila uwazi jirani, na kila moja iliyobaki ina elektroni yake yenye spini inayowasumbua wenzake. Ukiongeza naitrojeni umeongeza wapimaji na umeongeza wapiga kelele wengi zaidi, NV zinapoteza kumbukumbu upesi (yaani muda ambao spini inashika hali yake kabla haijavurugwa), faida inaliwa. Ndo maana almasi hupigwa mionzi ya elektroni ili kaboni zing'oke na kuacha nafasi tupu za atomu mojamoja, alafu inaokwa kwenye nyuzi 800 hivi mpaka hizo nafasi tupu zitembee zikutane na naitrojeni. Lengo ni naitrojeni ileile izae NV nyingi zaidi.

Kaboni yenyewe nayo sio mtakatifu. Asilimia 1.1 ya kaboni ya kawaida ni kaboni-13, ambayo kiini chake kina spini, kwa hiyo nayo ni kelele. Wanatumia methani iliyochujwa ikabaki kaboni-12 karibu tupu, na mwaka 2009 kwa njia hiyo NV moja ilishika kumbukumbu milisekunde 1.8 kwenye joto la chumba. Kwako utasema milisekunde ni nini, kwa spini ndani ya kitu kigumu hapo ni uzee. Alafu kuna suala la uelekeo, NV zinaweza kuelekea pande nne ndani ya fuwele na sumaku yako unailinganisha na upande mmoja, zile robo tatu zinazobaki zinakuletea mwanga usio na habari yoyote. Kuna wanaokuza almasi juu ya uso fulani wa fuwele ili nyingi zielekee upande mmoja, inasaidia, ila ukuzaji wake ni mgumu.

Tuje kwenye mwanga. Kipimo chote kinasomwa kwa kuhesabu fotoni nyekundu, yaani chembe za mwanga, na almasi ni bahili wa mwanga kupindukia. Kipeo chake cha mpindo ni 2.4, piga hesabu mwenyewe ya pembe mahsusi utapata nyuzi 24 na kitu, mwanga wowote unaofika ukingoni kwa pembe kubwa kuliko hiyo unarudi ndani. Kwa hiyo mwingi unazunguka humohumo. Na hata huo unaotoka, tofauti kati ya mkali na uliofifia kwa NV moja ni kama asilimia 30, kwa kundi kubwa inashuka mpaka asilimia chache tu. Wanakusanya mwanga kwenye kingo za jiwe, wanagandisha lenzi za kioo, wengine wanahamishia hali ya elektroni kwenye kiini cha naitrojeni iliyo jirani, ambayo kumbukumbu yake ni ndefu, wanaisoma tena na tena kabla haijafutika. Hiyo ya mwisho mi naipenda ila inataka sumaku kali iliyonyooka sawasawa na NV, na muda unaotumia kusoma ni muda ambao hupimi.

Upande wa mapigo ya maikrowevu ndo wamepiga hatua haswa. Mwanafizikia Hahn alionyesha 1950 kwamba ukigeuza spini katikati ya safari, usumbufu wa polepole uliopatikana mwanzo unajifuta mwishoni. Sasa badala ya kugeuza mara moja wanageuza mara nyingi, kwa mdundo uleule ambao viini vya hidrojeni kwenye sampuli vinayumba. Kwenye sumaku ya militesla 88 hidrojeni inayumba kwa megahezi 3.75 hivi. Kelele isiyo na mdundo huo inajifuta, ya hidrojeni inajijumlisha. Lakini hapo bado kuna kizingiti: kumbukumbu ya NV kwenye kundi ni maikrosekunde, wakati ukitaka kutenganisha masafa mawili yaliyoachana hezi moja lazima usikilize karibu sekunde nzima. Walichofanya ni kuchukua vipimo vifupi vifupi maelfu, vyote vimefungwa kwenye saa moja nzuri ya kielektroniki, alafu wakaviunganisha. Makundi mawili yalichapisha wazo hilo 2017 na mwaka 2018 kundi la Harvard likatumia njia ya ukoo huohuo kwenye kimiminika, ujazo wa pikolita 10 na ukali wa karibu hezi moja. Ili ujue pikolita 10 ni nini, mashine ya kawaida ya NMR (rezonansi ya sumaku ya viini, kipimo cha kutambua kemikali kwa viini vyake) inataka nusu mililita kwenye kibomba cha kioo. Hiyo ni mara milioni 50 zaidi.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi, na wapo watakaobisha. Watu wanazungumzia almasi, almasi, almasi, ila kikwazo kikubwa kwenye mizani hii ya maikromita kimehamia kwenye sampuli. Viini vya hidrojeni kwenye sumaku vinatakiwa vielekee upande mmoja ili vitoe ishara, na joto la chumba linavivuruga karibu nusu kwa nusu. Chukua mkoa wote wa Tabora, watu kama milioni 3.4 kwa sensa ya watu ya 2022, waambie nusu waangalie mashariki na nusu magharibi. Kwenye militesla 88 tofauti ya pande mbili ni mtu mmoja. Mmoja! Wengine wote wamefutana, na sensa yako inamsikiliza huyo. Ukienda kwenye sumaku ya MRI (ile mashine ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili) ya tesla 1.5 wanakuwa 17, ukienda tesla 9.4 za mashine kubwa ya NMR ni kama 109. Ndo maana ishara inayofika kwenye almasi ni chini ya pikotesla mia kadhaa, wakati sumaku ya dunia hapa kwetu ni maikrotesla 30 na kitu, kubwa kuliko hiyo ishara mara laki moja na zaidi.

Kwa hiyo unaweza kukaa miaka kumi unasugua almasi upate mara tatu, au ushughulike na sampuli upate mara mia. Mwaka 2020 kundi lilelile la Harvard walichanganya kwenye kimiminika molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, wakaipiga maikrowevu, elektroni ikagawa mpangilio wake kwa hidrojeni. Kinadharia njia hiyo kwenye maji inaishia mara 330. Ishara ikapanda kwa mara mia na ushee na kiasi kinachoweza kupimwa kikashuka mpaka femtomoli. Wengine wanatumia gesi ya parahidrojeni, hidrojeni ambayo viini vyake viwili vimepangika tangu mwanzo, inakabidhi mpangilio huo kwa molekuli nyingine kupitia kichocheo chenye metali. Shida ni kwamba hiyo ya parahidrojeni inachagua molekuli, na ile ya kwanza unatia kemikali ngeni ndani ya sampuli, sasa kama sampuli ni seli iliyo hai unaelewa mwenyewe. Ukisoma chuo na ukataka pa kuingilia, ingilia hapo, kwenye kemia ya kupanga viini bila kuiua sampuli. Wakuzaji wa almasi wapo wa kutosha.

SWALI: Habari kaka. Niko maabara ya hospitali hapa Kigoma. Wagonjwa wa MRI tunawapa rufaa ya mbali, nauli, mlalo, ndugu wa kumsindikiza, inaumiza. Hicho kialmasi hakiwezi kuja kupunguza hizo safari? *(Mtaalamu wa maabara, Kigoma)*

JIBU: Nzuri dada. Nakujibu bila kuzunguka, hapana, na sio suala la kusubiri kiboreshwe. MRI inakusikiliza mwili mzima kutoka kwenye koili zilizokuzunguka. Almasi inasikia kilichoigusa tu, kwa sababu nguvu ya kisumaku inashuka kwa mchemraba wa umbali, ukisogea mara mbili inabaki moja ya nane. Tabaka la NV likiwa na unene wa maikromita 10 basi na uwezo wake wa kusikia ndani ya sampuli ni wa kiwango hichohicho. Ubongo hauupati kwa njia hiyo.

Lakini wewe ni mtu wa FBP (kile kipimo cha picha kamili ya damu), kwa hiyo nitakupa picha unayoijua. Ile MCV mnayoisoma kila siku, femtolita 80 mpaka 100, ndo ujazo wa chembe nyekundu moja. Pikolita 10 ni kama chembe nyekundu mia moja na kidogo. Fikiria unaweza kujua kemia iliyomo kwenye ujazo huo bila kupaka rangi wala kuharibu kitu. Huko ndo hii sensa inaelekea, seli chache, kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa, majimaji ambayo hupati zaidi ya tone. 2019 watafiti wa New Mexico, Marekani, walipitisha kimiminika kwenye mfereji mwembamba, kwanza kinakaa kwenye sumaku ya tesla 1.5 viini vijipange, alafu kinasukumwa mpaka juu ya almasi iliyo kwenye sumaku ndogo. Mi naona hiyo ni njia ya busara kuliko zote kwa maabara, huongezi kemikali, unapanga viini sehemu moja unapima sehemu nyingine.

Kilichobaki ni maji. Lita moja ya maji ina moli 110 za hidrojeni, na vile vitu unavyovitafuta ndani ya seli, laktati na wenzake, viko kwenye milimoli. Kwa hiyo ishara ya maji inakuwa kubwa kuliko unachokitafuta kwa mara elfu makumi, hata laki. Na kelele ikishabaki ile ya kuhesabu fotoni hakuna mkato, ukitaka ishara iwe safi mara 10 unapima kwa muda mrefu mara 100. Kipimo cha dakika moja kinakuwa saa moja na dakika 40, seli nazo hazikungoji.

SWALI: Nauza asali kutoka Sikonge, ya miombo, safi, haina longolongo. Kuna mnunuzi wa nje anataka "cheti cha NMR" ndo achukue mzigo. Hii sensa ya almasi si ndo NMR hiyohiyo? Ikija nchini si itanirahisishia? *(Mfanyabiashara, Sikonge)*

JIBU: Ni NMR ndugu yangu, ila kwako haina kazi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ya kuchekesha kidogo. Sensa ya almasi kazi yake ni kupima kitu ambacho kipo kidogo mno. Wewe una ndoo. Mwenye ndoo za asali hana haja ya kubanana na pikolita, anachota kijiko anatia kwenye mashine kubwa basi.

Ya pili ni nzito zaidi. Kinachomwonyesha mtaalamu kwamba asali imechakachuliwa ni vilele vya sukari mbalimbali na asidi kwenye picha ya NMR, vinalinganishwa na kanzi ya asali halisi zilizopimwa. Mashine ya megahezi 400, ambayo ndo inatumika sana kwa asali, inaachanisha vilele kwa hezi 400 kwa kila sehemu moja kati ya milioni. Kwenye militesla 88 achano hilohilo ni hezi 3.75. Glukosi, fruktosi na ndugu zao vilele vyao vingi vimejazana kwenye sehemu moja hivi ya hiyo milioni, kati ya ya tatu na ya nne, kwa hiyo kwenye almasi ya sumaku ndogo vinabanana ndani ya hezi nne. Unapata nundu moja. Usikivu unaweza kuwa mzuri namna gani, kama vilele havitengani hujasoma kitu.

Kwani hawawezi kupandisha sumaku? Wanaweza, Stuttgart walishafanya kwenye tesla 3 mwaka 2017. Ila ukipandisha, maikrowevu za NV zinapanda nazo, tesla moja ni gigahezi 30 hivi, tesla tatu inapita 80, vifaa vinakuwa ghali na hidrojeni nayo inayumba haraka mno kwa mapigo ya kawaida kuifuata. Mtu akikwambia tatizo la usikivu limeisha muulize ni kwenye sumaku ya ngapi.

Wewe muulize mnunuzi anakubali maabara gani na anataka vipimo vipi, alafu peleka sampuli. Na ukimsikia anataja kipimo cha isotopu usishtuke, hicho ni kingine kabisa, kinaangalia uwiano wa kaboni-13. Miwa na mahindi yanatengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki anaitembelea, uwiano unatofautiana, kwa hiyo aliyetia sukari ya miwa anaonekana. Kama asali yako ndo kama unavyosema hiyo haikupati. Ila hakikisha na wale unaonunua kwao.

SWALI: Mwandishi, hapa Ujiji wamekuja vijana na mashine ya kwantamu, unashika kijiti cha chuma dakika moja, kompyuta inatoa karatasi kurasa nyingi, ini, figo, nyota ya damu, kila kitu, alafu wanakuuzia dawa. Wanasema ni rezonansi ya sumaku. Ndo teknolojia hiyo ya almasi? *(Mama wa watoto wanne, Ujiji)*

JIBU: Hapana mama, haina undugu nayo hata wa mbali. Na hao wapo Tabora pia, wanapenda kukaa karibu na stendi, meza, laputopu, na kijiti kimechomekwa kwa waya wa USB.

Umeshasoma hapo juu jinsi watu wanavyohangaika kupata ishara ya tone moja, leza, maikrowevu, almasi iliyokuzwa kwa makusudi, na sampuli imegusa sensa. Na MRI ya hospitali ina sumaku ya tesla 1.5 au 3 inayoweza kuvuta mtungi wa oksijeni ukaruka. Rezonansi ya sumaku bila sumaku haipo. Sasa muulize kijana, sumaku iko wapi? Chukua pini ya ofisi iweke kwenye kile kijiti uone kama itanasa. Na hata ingenasa, mkono wako umeshika chuma, figo ziko mgongoni, ishara ya figo imefikaje kwenye kiganja?

Mtu mwingine kaniandikia kuhusu mashine hiyohiyo kwamba kapima asubuhi akaambiwa ini, akarudi jioni akaambiwa mifupa. Siwezi kusema ndo ilivyo kwa wote, ila we ukitaka kuwajaribu rudi kesho yake na jina lingine na umri mwingine, usiwaambie kitu. Kama kuna kinachokusumbua nenda kituo cha afya upimwe damu na mkojo, na dawa za hospitali unazotumia usiziache kwa sababu ya ile karatasi.

SWALI: Mi ni fundi simu, Mwanga Kigoma. Nina sumaku za diski za kompyuta (hard disk) mbovu, nina vileza vya kijani. Naweza kujaribu hii kitu nyumbani? *(Fundi)*

JIBU: NMR ya almasi hutoweza, ila kuona NV zenyewe inawezekana. Unahitaji unga wa almasi wenye NV, unauzwa, kichujio chekundu cha kuzuia kijani, kihisi mwanga, na chanzo cha maikrowevu kinachopita gigahezi 2.87, hiki ndo kitakula hela. Ukipitisha masafa utaona wekundu unafifia pale penye 2.87, ukisogeza sumaku utaona panagawanyika. Kwa fundi anayejua kufuata sakiti ni kazi ya kufurahisha na walimu wengi duniani wanaifanya maabara za chuo.

Kinachokunyima NMR ni hizo sumaku. Sumaku za neodimu zinapoteza karibu sehemu moja ya elfu ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto. Hidrojeni ikiwa inayumba kwa megahezi 3.75, nyuzi moja tu inakuhamishia masafa karibu kilohezi nne, na wewe unatafuta hezi moja. Kigoma asubuhi mpaka saa nane mchana joto linapanda nyuzi ngapi? Wenye maabara wanaweka koili ya ziada inayorekebisha sumaku muda wote na chumba kisichobadilika joto.

Na hivyo vileza vya bei chee kuwa navyo makini. Vingi vinatengeneza kijani kutoka kwenye mwanga wa infraredi, na visipowekewa kichujio infraredi inatoka pamoja na kijani, huioni, jicho halifumbi. Nunua miwani inayozuia yote mawili kabla hujanunua huo unga wa almasi.